SOMO LA AKIBA: GARI KUUKUU NA MFUKO WA MFANYAKAZI



Katika masomo yaliyotangulia tulisoma juu ya mkataba wa kazi, ada ya chama, na namna ya kuikagua hati ya mshahara. Somo la leo linahusu gari. Tunajua wako watakaocheka na kuuliza, mtu wa kufuma nguo au wa kuchuma chai ana habari gani na gari? Tunaomba wacheke kwanza, kisha wasome.

Tangu Januari 2022, sheria ya NSSF hapa Uganda ilipobadilishwa, mwanachama aliyefika umri wa miaka 45 na kuchangia miaka 10 aweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Fedha hizo ni jasho letu. Kila mwezi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa hiyo katika matawi mengi wamepatikana watu ambao, kwa mara ya kwanza maishani, wameshika milioni kadhaa kwa mpigo. Wengine wamepaua nyumba, wengine wamenunua ng'ombe. Wengine wamenunua gari bovu la zamani ili walitengeneze lipendeze, walikodishe kwenye harusi au waliuze kwa faida. Jambo hili la mwisho tunalijua vizuri, maana sisi wenyewe wa kamati ya elimu tulikuwa ndani yake. Tuliona ni wajibu kuweka hesabu mezani kabla ya wengine kuingia.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 504 ya aina ya steshini. Wazee wanaikumbuka. Kabla yake ilikuwapo 404, ambayo ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mashindano yale yalianza 1953 na siku zile yalipita hata katika barabara za Uganda, na watoto tulisimuliwa habari zake na baba zetu. 504 nayo ilianza kuundwa Ufaransa 1968, ikashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Huko Nigeria, kiwanda cha Kaduna kiliendelea kuiunda hadi miaka ya 2000. Ilikuwa gari la teksi za masafa marefu, la mapadri na la wakubwa wa serikali. Katika mashamba mengi ilikuwa gari la meneja. Tuseme ukweli hapa: sehemu ya tamaa yetu haikuwa biashara. Tulitaka kukaa kwenye kiti ambacho zamani tuliruhusiwa kukipangusa vumbi tu.

Tena tulisikia habari za Nairobi. Huko tangu 1970 hufanyika maonyesho ya magari ya zamani, na tangu 2003 kuna mbio za magari ya zamani zinazofuata mtindo wa Safari ya kale. Tukasema, kumbe magari haya yana wateja wenye fedha. Hatukujiuliza kama mteja wa namna hiyo angekuja kununua gari letu, lililoshonwa kwa vipande nyuma ya gereji ya mjini kwetu. Mtu wa maonyesho hutaka gari lenye injini yake ya asili, viti vyake vya asili, na namba zinazolingana na kitabu. Tena wengi wao wanajua tangu mwanzo kwamba watatumia fedha nyingi kuliko watakazopata wakiuza. Kwao ni burudani, kama mwingine anavyolipia muziki. Sisi tulikwenda na akiba ya uzeeni.

Tulikuwa watu watano, wote wa kiwanda kimoja cha nguo. Agosti 2022 kila mmoja alitoa Sh. 1,500,000, jumla Sh. 7,500,000. Gari lilikuwa limelala chini ya mwembe katika boma la karani mmoja marehemu, na familia ilitaka Sh. 2,500,000. Zilizobaki Sh. 5,000,000 tulizigawa hivi: kunyoosha bodi Sh. 1,500,000, injini Sh. 1,200,000, na rangi, matairi na viti Sh. 2,300,000. Fundi alisema miezi mitatu. Hesabu yote ilienea kwenye kipande cha karatasi ya sigara, na hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi.

Sasa tazameni ilivyokuwa. Kwanza gari halikuweza kutembea, hivyo tulilipia kukokotwa Sh. 300,000. Pili, kitabu cha gari kilikuwa na jina la marehemu. Mali ya marehemu haihamishwi kwa kupeana mikono na mjane. Familia hapana budi ipate cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha barua za usimamizi kutoka mahakamani, ndipo mtu aweze kutia sahihi ya kuuza. Sisi tulikwisha kulipa ndipo tukayajua haya. Familia haikuwa na nauli, nasi gari lilikuwa mikononi mwetu bila karatasi. Safari, maombi na wakili vilitumaliza Sh. 900,000, zote kutoka mfuko wetu.

Ikaja bodi. Hapa ndipo pabaya kuliko pote, kwa hiyo tutakaa kidogo. 504 haina fremu ya chini iliyojitenga. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, abiria na mizigo. Kutu ikila sakafu na zile kingo za chini ya milango, si urembo uliopotea, ni uti wa mgongo wa gari. Land Rover za zamani ni tofauti: bodi yake ni ya bati la alumini lisiloshika kutu ya chuma, lakini fremu ya chini ni ya chuma, na kutu hujificha ndani ya fremu huku juu pakionekana pazima. Katika magari yote mawili rangi haikuambii kitu. Gari letu lilikuwa limepakwa rangi mara nyingi, na chini ya rangi palijazwa ule udongo wa mafundi wanaouita filla. Mnyooshaji alipoanza kukwangua, mkono wake ukapenya hadi ndani. Badala ya Sh. 1,500,000 tukalipa Sh. 3,400,000, na tunaamini hakutudanganya. Yeye naye hakuwa ameona.

Tungalikwenda na sumaku ndogo ya kipaza sauti kibovu, tungaliokoa fedha hizo. Sumaku hushika bati, haishiki filla. Ipitishe milangoni chini, kwenye mikunjo ya magurudumu na pembeni mwa taa. Penye bati itang'ang'ania, penye filla nene itaanguka. Kisha lala chini ya gari na bisibisi ubonyeze sakafu na kingo. Mwenye gari akikukataza kulala chini ya gari lake, nenda nyumbani ukanywe chai. Fungua na kifuniko cha mafuta ya injini: ukiona ute mweupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, na kuna gasketi au hedi iliyoharibika. Namba ya injini na ya bodi uzisome kwa macho yako, uzilinganishe na kitabu. Kazi yote hii ni ya saa moja. Sisi saa ile tuliitumia kupiga picha tukiwa tumeegemea boneti.

Injini ya Peugeot hii ina wema wake. Slivu za silinda hutoka, kwa hiyo badala ya kuchonga bloku, fundi hubadilisha slivu na pistoni pamoja. Lakini hedi yake ni ya alumini, na gari likichemka mara moja tu hedi hupinda. Ya kwetu ilikuwa imepinda. Pistoni na slivu zilikuwa Sh. 1,600,000, kusawazisha hedi na gasketi Sh. 450,000, ujira Sh. 600,000. Jumla Sh. 2,650,000 mahali pa Sh. 1,200,000. Vipuri vile havikuwapo mjini kwetu. Fundi alizunguka soko la Kiseka kule Kampala mara tatu, na vingine alivipata kwa mtu aliyechinja gari la aina hiyo hiyo. Tulifikiri tuagize gari zima kutoka nje tulichinje sisi. Tukaambiwa kwamba sheria ya mwaka 2018 imezuia kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kwa hiyo vipuri vya magari haya hupatikana katika yale machache yaliyobaki, na kila mwaka ni machache zaidi.

Kuna jambo jingine la injini za zamani ambalo si watu wengi hulikumbuka. Nyingi ziliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo ifikapo mwanzo wa 2006, na ni jema, maana risasi ni sumu kwa ubongo wa watoto. Lakini injini ambazo vikalio vya valvu vimechongwa katika chuma laini cha hedi yenyewe huliwa upesi bila risasi. Injini ya namna hiyo hutakiwa itiwe vikalio vigumu. Muulizeni fundi kabla ya bei, si baada.

Baada ya injini yakafuata yale ambayo karatasi yetu haikuyataja hata kidogo. Rejeta na pampu ya maji Sh. 480,000. Breki Sh. 700,000. Waya na taa Sh. 550,000, kwa kuwa panya walikuwa wamekula waya zote. Kioo cha mbele kilipasuka kikivuliwa, Sh. 400,000. Matairi matano Sh. 1,100,000, viti Sh. 850,000, rangi Sh. 1,800,000. Jumlisheni wenyewe tangu ununuzi: ni Sh. 15,630,000. Tulikuwa tumepanga Sh. 7,500,000.

Fedha zilizopungua zilitoka wapi? Kila mmoja aliongeza Sh. 800,000. Sh. 4,000,000 nyingine tulikopa katika chama cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, juu ya mkopo wote tangu mwanzo, miezi 24. Asilimia 2 yasikika kama kitu kidogo. Ni Sh. 80,000 kila mwezi, na kwa miezi 24 ni Sh. 1,920,000. Tungalikuwa tumesoma somo letu wenyewe la mwaka juzi, tungalijua kwamba mkopo ni wa kitu kinacholeta fedha kabla ya tarehe ya kulipa. Zilibaki Sh. 130,000, ambazo tulichangishana pale pale gereji, fundi akishika ufunguo mkononi.

Lazima tuseme na hili. Mwenzetu mmoja wa idara ya kufuma, aliposema hana zile Sh. 800,000, tulimwambia atakuwa ameuangusha umoja wetu. Neno umoja ni neno zito katika chama, nasi tulilitumia vibaya. Alizitoa. Zilikuwa ada ya shule ya binti yake, na binti alikaa nyumbani muhula mzima. Hadi leo akitukuta njiani hutusalimu kwa heshima, na heshima ile ndiyo inayotuuma.

Turudi nyuma mpaka Februari 2023, gari likiwa na miezi sita gereji. Bodi ilikuwa imekwisha. Tulikuwa tumetumia Sh. 7,100,000, mfukoni zimebaki Sh. 400,000, injini haijaguswa. Tulikutana chini ya ule mti wa mkutano. Mmoja wetu akasema tuuze gari lilivyo. Alikuwapo mtu wa kutoa Sh. 2,000,000. Tulimzomea. Tukasema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na wote wakapiga makofi. Methali ile ni nzuri kwa mtu aliyeahidi kazi. Kwa hesabu ya fedha yaweza kumzamisha mtu.

Hesabu sahihi ya siku ile ilikuwa hii. Zile Sh. 7,100,000 zimekwisha kwenda. Tukiendelea hazirudi, tukiacha hazirudi. Swali lilikuwa moja tu: kutoka hapa tulipo, tutatoa kiasi gani zaidi, na tutapata nini? Tulitoa zaidi Sh. 8,530,000. Tena kwa kukataa mteja tuliacha Sh. 2,000,000. Hiyo ni Sh. 10,530,000 kwa ajili ya gari ambalo mpaka rangi alikwisha kutuambia kwamba yanayotembea vizuri huuzwa milioni sita mpaka saba. Tulimsikia kwa masikio yetu. Lakini kila mtu alikuwa akihesabu fedha alizotoa, hakuna aliyehesabu fedha atakazotoa.

Miezi mitatu ya fundi iliishia kuwa 16. Wengi watasema fundi ni mwizi. Sisi baada ya kukaa pale siku nyingi tuliona mambo kwa namna nyingine. Malipo yetu ya kutangulia yalimaliza gari la mtu aliyetutangulia, kwa maana fedha za yule zilikuwa zimekwisha kumaliza la mwingine. Gereji ile ilikuwa ikiziba tundu moja kwa kutoboa jingine, na vijana wanne waliofanya kazi pale hawakuwa na mshahara, walikula kwa bahati ya siku. Hao nao ni wafanyakazi, na chama chetu kinapaswa kuwafikia. Lakini huruma yetu kwao isitufanye tulipe kazi ambayo haijafanyika. Yafaa mapatano yaandikwe, kazi igawanywe vipande, na kila kipande kilipwe kikiisha na kuonekana. Vipuri nunua mwenyewe, ushike stakabadhi. Usikubali gari lote livuliwe kwa siku moja. Letu lilivuliwa lote, na miezi ilivyopita vishikizo vya milango, saa ya dashibodi na komeo la buti vilipotea, kila mtu akaapa hakuviona. Kivuliwe kitu kimoja, kipigwe picha kwa simu, kitiwe katika mfuko wenye jina, upelekwe nyumbani kwako.

Gari lilitoka Desemba 2023. Lilipendeza, hatutasema uongo. Watu walijipanga lango la kiwanda kulitazama. Mwaka 2024 lilikodiwa mara 11, harusi na zile sherehe za kujitambulisha ukweni ambazo Waganda huziita kwanjula. Kila mara tulipata Sh. 200,000. Toa petroli, dereva na kuosha, Sh. 70,000 kila mara. Ilibaki Sh. 1,430,000. Mara mbili liliharibika, moja kati ya hizo bibi harusi akiwa ndani, na matengenezo yakala Sh. 640,000. Faida ya mwaka mzima ikawa Sh. 790,000, yaani Sh. 158,000 kwa kila mtu. Wenye harusi wengi siku hizi hutaka gari lenye kiyoyozi, na hatuwalaumu.

Februari 2025 tuliliuza Sh. 7,000,000. Ukijumlisha gharama na riba ni Sh. 17,550,000. Tulichorudishiwa, pamoja na faida ya kukodisha, ni Sh. 7,790,000. Tulipoteza Sh. 9,760,000, kila mtu Sh. 1,952,000. Wakati huo huo Mfuko wa NSSF ulitangaza faida ya asilimia 10 kwa mwaka wa fedha 2022/23 na asilimia 11.5 kwa 2023/24. Ile Sh. 1,500,000 ya kila mmoja ingalilala tu mahali ilipokuwa kwa miaka hiyo miwili, ingalifika Sh. 1,839,750, bila mtu kulala chini ya gari.

Hatusemi kila anayegusa gari la zamani ni mpumbavu. Yuko mwenzetu wa shamba la miwa ambaye kwa miaka mingi anatengeneza pikapu ya baba yake, kipuri kimoja kila anapouza mahindi. Hadaiwi na mtu, wala hategemei kuiuza. Fedha ambazo wengine huzinywa Jumamosi yeye huzitia kwenye karabureta. Huyo hana swali la kujibu kwetu.

Zoezi la vikundi. Mwanachama wa shamba la chai anakaribia kustaafu. Ana Sh. 8,000,000 mkononi. Anauziwa Land Rover ya zamani isiyotembea kwa Sh. 4,000,000, na fundi anamwambia matengenezo ni Sh. 3,000,000. Zile zinazotembea huuzwa huko kwao Sh. 9,000,000. Anataka kubeba ndizi mpaka sokoni, siku mbili kwa juma. Kitabu kina jina la kaka wa muuzaji, aliyefariki. Hesabuni kwanza kama fundi amesema kweli. Kisha hesabuni kama matengenezo yatakuwa mara mbili, kama yalivyokuwa yetu ya bodi. Andikeni mambo ambayo fundi hakuyataja. Na mwisho jadilini: kama ameshalipa ile milioni nne, halafu akagundua fremu imeliwa na kutu, mtamwambia nini?

Majibu yaletwe kwa karatasi katika mkutano wa tawi. Daftari letu la 504, pamoja na stakabadhi zake zote, litakuwa juu ya meza, na yeyote anayetaka kunakili anaruhusiwa.